Kofia Zenye Mshono wa Nje

Kofia ya kwanza niliyomshonea mwanangu haikufika hata kwenye masikio. Nilikuwa nimepima kichwa chake kwa uzi, nikakata kitambaa sawasawa na ule uzi, nikashona kwa mkono mchana kutwa. Sikujua kwamba mshono nao unakula kitambaa. Mama wa kitanda cha jirani akaichukua, akaigeuzageuza, akasema, "Hii labda umvalishe papai." Wodi nzima ilicheka, na Sesilia naye akacheka, kwa hiyo kofia ile naikumbuka bila uchungu.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali leo na mtoto mapajani, anayetazama mlango ambao haufunguki. Mimi si daktari, na ukiniuliza habari za dawa nitakudanganya. Ninachokijua ni benchi, kusubiri, nywele zinavyotoka, na ndugu wanavyokuwa mambo yakiwa mazito. Na sasa najua kushona kofia ya mtoto, ingawa fundi cherehani akiiona atatikisa kichwa.

Naishi Shanwe, hapa Mpanda. Asubuhi nakaanga chapati za kuuza, na mume wangu, Kalisti, ni fundi mwashi. Sesilia ni mtoto wetu wa pekee. Alikuwa na miaka mitano, mvua zikiwa zimeanza tu, siku niliyokuwa namwogesha nikashika kitu kigumu chini ya mbavu zake za kushoto. Nilidhani ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Mama mkwe wangu, Bibi Leokadia wa Kibaoni, aliposikia kwenye simu akasema bila kusita, "Hiyo bandama. Mleteni achanjwe chale." Tumbo la kushoto likivimba, kwetu jina lake ni bandama, hata kabla mtu hajaliona. Bahati nzuri barabara ya Kibaoni wiki ile ilikuwa tope tupu, tukampeleka hospitali ya mjini badala yake. Walimpiga picha, wakatazamana, wakatuandikia rufaa ya Mwanza. Lilikuwa figo, lenye uvimbe.

Tulisafiri mimi na yeye. Kalisti alibaki kutafuta riziki, maana safari ya namna ile inahitaji mtu mmoja wa kwenda na mmoja wa kubaki akituma. Kabla ya kuondoka nilimsuka Sesilia twende kilioni, kwa kuwa ndio msuko wa haraka na sikuwa na muda. Jina la msuko huo sikulifikiria siku ile.

Kuhusu benchi nitasema machache. Kaa karibu na mtu anayeongea, si karibu na mlango. Mwenye kuongea ndiye anayejua nani anaitwa na nani karuka. Beba maji na kitu cha mtoto kutafuna. Ukienda chooni, kuna mtu atakushikia nafasi, na wewe kesho utamshikia mwingine, na huo ndio urafiki wote mtakaokuwa nao. Mle ndani hakuna anayeuliza dini wala kabila. Wanauliza, "Wenu wa wapi?" maana yake uvimbe wa mtoto wenu uko sehemu gani.

Kisha dawa zikaanza. Kulikuwa na dripu moja nyekundu kama juisi ya rosela, na siku ya kuwekwa hiyo hata mkojo wake ulitoka mwekundu. Mara ya kwanza nilipiga kelele, nesi akaja mbio, akatazama, akaondoka polepole. Sesilia alitapika, kisha akapata vidonda mdomoni, kisha akakataa uji, kisha akawa mtoto wa macho tu. Nilimhudumia kama mtu anayefua nguo za watu, kwa mpangilio, bila kuwaza mengi. Wanaosema mama analia usiku kucha hawajalala wodini. Ukipata nafasi unalala.

Katika duru ya pili ya dawa, nilimwinua kwenye mto, nywele zikabaki. Mistari ya twende kilioni ilitoka mizima mizima, imesukwa vilevile, ikalala juu ya shuka. Niliikusanya nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu sikujua pa kuitupa. Nesi akashauri tumnyoe zilizobaki, maana zilikuwa zinamwasha na kumwingia mdomoni. Sesilia akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Anza wewe," akaniambia.

Nikamwambia mimi si mgonjwa.

"Anza wewe, nione kama inauma."

Basi nikaanza. Mama wa kitanda cha jirani, yule wa papai, ndiye aliyeninyoa kwa wembe. Alikuwa Msukuma wa kutoka huko Kahama, mwanawe wa kiume akiitwa Shija, na sisi sote tulimwita Mama Shija. Alininyoa kipara, akanipaka mafuta. Sesilia akanipapasa, akatafuta damu, hakuiona, akakaa mwenyewe kwenye kiti. Alinyolewa ametulia kabisa. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi kabla yake.

Kwa furaha hiyo nikapiga picha mbili. Ya kwanza mimi peke yangu na kipara changu, ili Kalisti anicheke. Ya pili Sesilia anaota jua dirishani, kichwa kinang'aa, ametoa ulimi. Nikazituma kwa WhatsApp kwenye simu ya Kalisti. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikawa inazunguka, bando likaisha, na muda mfupi baadaye simu ikazimika chaji. Nikampa kijana wa kuchajisha nje ya geti, nikarudi kwa mtoto. Nilisema nitaichukua kesho.

Sasa msomaji wa kwetu ameshaelewa kilichotokea. Wa kwingine nimweleze. Kwetu mwanamke mzima ananyoa kipara anapofiwa, na mama mwenye mtoto mgonjwa akionekana amenyoa, hakuna anayeuliza swali la pili. Kalisti alikuwa anajenga Litapunga na alikwenda kazini na kitochi. Ile simu kubwa aliiacha nyumbani kwa wifi yangu Yustina. Yustina akaifungua akakuta picha ya mke wa kaka yake, kipara, kwenye kitanda cha hospitali, bila neno hata moja. Akanipigia. Sikupatikana. Akapiga Kibaoni.

Nilipoichukua simu asubuhi yake na kuiwasha, ilitetemeka mkononi mpaka nikadhani imeharibika. Poleni sana. Bwana alitoa. Jikaze mama. Nilisoma kama barua ya mtu mwingine. Kabla sijamaliza ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Shanwe, mzee mpole sana.

"Mama Sesi, pole. Tunajua ni wakati mgumu. Ila tulitaka kujua, mwili unafika lini?"

Mwili ulikuwa mbele yangu, unakunywa uji kwa mrija.

"Mwili gani, baba?" nikamuuliza.

Nikasikia anawaambia watu pembeni, "Hajakubali bado, maskini."

Ilibidi nimpe Sesilia simu. Akasema, "Shikamoo babu, mimi nakunywa uji." Yule mzee alikata simu. Baadaye aliniambia hakukata, ilimponyoka.

Kibaoni turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikuwa wamelala nje, kuni zimechomwa, mchele umepikwa wa kutosha watu wa vitongoji viwili. Kalisti alikuwa amefika kwa pikipiki na amekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Habari ya kwamba mtoto yu hai ilipofika, nasikia watu hawakujua wacheke au walie, mpaka katekista akageuza sala za maziko kuwa sala za shukrani, na wali ukaliwa. Sesilia sikumwambia lolote. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kujua kwamba wali wa msiba wake umeshaliwa.

Kalisti alinipigia jioni ile. Hakupiga kelele, ingekuwa heri angepiga.

"Nilishaanza kufikiria azikwe upande gani wa nyumba," akasema. "Nilishachagua."

"Nisamehe."

"Siyo kosa lako. Lakini usitume tena picha."

Tangu siku hiyo tukawa tunaongea kwa simu kama watu wanaoogopa kumwaga kitu. Ameshinda salama leo? Salama. Amekula? Amekula. Ndoa nyingi zinakaa hivyo wakati wa ugonjwa, na kama yako iko hivyo sasa, usiihukumu bado.

Hapo ndipo kofia zilipoanza. Sikuweza kurudi nyumbani na vipara viwili vilivyokwisha kuliliwa. Isitoshe, ngozi ya kichwa cha mtoto aliye kwenye dawa ni laini kama ya kichanga. Feni ikiwashwa analalamika baridi, akitoka nje jua linamuunguza. Kofia za dukani zilikuwa ngumu au zenye manyoya ya kuwasha. Mama Shija alikuwa anamshonea mwanawe kwa sindano ya mkono, akasema atanifundisha, kwa sharti kwamba nisimtie aibu mbele ya wodi. Sharti hilo nililivunja siku ya kwanza, na ile ya papai.

Ya pili nilishona kwa kitenge kipya, nikaacha vidole viwili vya mshono kila upande, nikatia lastiki. Ilipita kichwani. Lakini kitenge kipya kina wanga, nami sikukiloweka, na lastiki niliivuta mno. Jioni nilipoivua ilikuwa imemchora mstari mwekundu kwenye paji la uso. Nilikasirika, nikaitupa chini ya kitanda. Mama Shija akaiokota, akaitoa lastiki kwa meno, akasema lastiki ni ya sketi.

Ya tatu ilikuwa ya fulana. Nakuomba ushike hapa kama unataka kujaribu. Tafuta fulana ya pamba iliyochakaa, ya mitumba ni nzuri zaidi kwa kuwa imeshafuliwa na wengine. Kata sehemu ya chini, ile yenye pindo lililokwisha kushonwa kiwandani; hilo pindo ndilo litakalokaa kwenye paji la uso, na litavutika lenyewe bila lastiki. Pima kichwa kwa uzi, ongeza vidole viwili. Kunja kitambaa, shona ubavuni, kisha juu shona mviringo kama kisigino cha soksi. Tumia uzi mmoja, usiukunje mara mbili kama mimi, maana fundo linakuwa nene. Ni kazi ya asubuhi moja, pamoja na kutoa beseni la matapishi katikati.

Niliimaliza, nikaigeuza vizuri mshono ukaingia ndani, nikamvalisha. Ilimkaa. Nilijiona fundi. Nilipogeuka kuchukua maji akaivua, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Nikaigeuza. Akaigeuza. Kwetu mtu akivaa nguo ndani nje watoto wanamfuata barabarani wakiimba, na mimi nilikuwa nimetosheka na maneno ya watu kwa mwaka ule.

"Mshono uwe ndani, Sesi. Ndivyo watu wanavyovaa."

"Unaning'ata."

"Mshono haung'ati."

Mama Shija hakuinua hata macho kwenye kazi yake. "Mwache, shoga. Mwenye kichwa ni yeye."

Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikaivaa ile kofia juu ya kipara changu mwenyewe, mshono ndani. Uling'ata kweli, kama chawa waliojipanga foleni. Tangu hapo kofia zangu zote zina mshono nje, na mshono wenyewe naushona kwa uzi wa rangi nyingine, mwekundu juu ya bluu, njano juu ya kijani, ili mtu akiona ajue nimekusudia. Watoto wengine wodini wakaanza kuzitaka. Nikashona nyingi, nyingine zimepinda, na hakuna mtoto aliyenirudishia.

Masika yalipita tukiwa mle. Sesilia alifanyiwa upasuaji, figo likatolewa. Siku ya upasuaji siikumbuki vizuri, isipokuwa kwamba nilishona kofia moja nikaifumua, nikaishona nikaifumua. Aliamka. Kidonda kilipopona tukaruhusiwa kurudi nyumbani kupumzika, na daktari akatuandikia tarehe ya kurudi kwa duru za dawa zilizobaki. Akanitazama, akasema taratibu, "Mama, ataonekana amepona. Wengi wanaishia hapo. Wewe urudi." Shija alikuwa bado kwenye dawa. Mama yake alinipa namba ya simu. Nimeipiga mara nyingi tangu wakati ule, haipatikani, na sijatafuta njia nyingine ya kujua.

Tulikwenda Kibaoni kwanza, kwa sababu ilikuwa lazima wamwone. Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga na kila uwanja ulikuwa na mkeka wa kuuanika. Watu walikuja kwa vikundi, wakasimama mbali kidogo, wakamsalimia Sesilia kama mgeni wa serikali. Mwanamke mmoja alimgusa bega kwa kidole, haraka, kama mtu anayepima joto la pasi. Bibi Leokadia ndiye aliyemkumbatia. Alimkumbatia muda mrefu, amefunga kitambaa chake cheusi kichwani kama kawaida yake.

Na Sesilia alipona, kwa macho. Alikula wali kwa samaki, alikimbiza kuku, tumbo lilikuwa bapa. Kofia ya njano yenye mshono mwekundu ilionekana kila mahali uwanjani. Tarehe ya kurudi ilipokaribia nikaanza kufua nguo za safari, na Bibi akaniita ndani. Kalisti alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama sakafu.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mtoto haendi."

"Mama, dawa hazijaisha."

"Kilichokuwa kinamuumiza si wamekitoa? Nyie mnaenda kutafuta nini tena?"

"Daktari amesema kinaweza kurudi."

"Sikiliza. Mtoto huyu tumeshamlilia. Watu wamelala nje, wali umeliwa. Tulimlilia bure, Mungu akaturudishia. Ukimpeleka tena kulekule, utatuletea kile tulichokililia. Mimi nilizaa tisa nimezika wanne, hayo mambo nayajua."

Nikamtazama Kalisti.

"Mama Sesi, labda tungoje mavuno yaishe," akasema. "Anacheza. Kwani humwoni anavyocheza?"

Nilimwona. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Ningekuwa naye kitandani anakonda, wangenibebea mizigo wenyewe. Nilikuwa natakiwa kumchukua mtoto mzima, mwenye furaha, nikamfanye mgonjwa. Na nauli ilikuwa kwa Kalisti, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Mkwe hambebi mjukuu akaondoka mama mkwe amesema hapana. Niliogopa. Nilikuwa nimeona kitanda cha mtoto aliyerudishwa wodini baada ya kukatizwa dawa, na nilikuwa nimemwona mama yake. Siku mbili nilishona kofia, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ambayo mikono yangu ilikuwa imeizoea.

Jioni ya siku ya pili Bibi alikuwa anaoga uani, nyuma ya ukuta wa matete. Sesilia, ambaye hana adabu ya kubisha hodi, akaingia. Mimi nilikuwa napepeta mchele upande wa pili na nilisikia kila kitu.

"Bibi! Na wewe wanakutundikia dripu?"

"Toka, we mtoto, naoga."

"Lakini huna nywele. Huna kabisa. Kama mimi."

Nikaacha ungo. Miezi ilikuwa imepita tangu msiba ule wa uongo. Nilidhani nywele zake zilishaota zamani, chini ya kile kitambaa cheusi. Nikasogea mpaka kwenye uwazi wa matete. Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe, kanga imefungwa kifuani, kichwa chake cheupe kwa kunyolewa upya. Aliniona.

"Zimeshaota mara tatu nazinyoa," akaniambia mimi, si mtoto. "Nikiziacha ziote, ni kama nimemaliza kilio. Nitamalizaje kilio cha mtu aliye hai? Nani ataniondolea matanga? Nimemuuliza katekista, naye hajui."

Nilikuwa nimemkasirikia siku mbili mfululizo, na sasa nikamhurumia. Alikuwa amekwama ndani ya msiba wa mtu aliyesimama mbele yake akichezea ndoo.

Sesilia akauliza, "Nani kakunyoa?"

"Nilinyoa mwenyewe, mjukuu wangu. Kwa ajili yako."

"Ili nisiogope?"

Bibi hakuelewa. Sesilia akamweleza kwa uvumilivu, jinsi anavyowaeleza watu wazima mambo yaliyo wazi. "Mama alinyoa kwanza ili mimi nisiogope wembe. Mama Shija akamnyoa. Na wewe ulinyoa ili nisiogope?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kata aliyoishika Bibi. Kisha akasema, "Eeh. Ili usiogope."

"Basi si twende wote. Mimi kule huwa naogopa."

Asubuhi nilimkuta Bibi anashindilia mchele kwenye kiroba na kufunga mdomo wake kwa kamba. Kalisti alikuwa pembeni anamuuliza mambo, naye anakaza kamba. Mwisho akanyoosha mgongo.

"Nakwenda mwenyewe," akamwambia. "Nikaione hiyo dripu nyekundu. Hatakwenda tena peke yake akakaa na watu asiowajua. Wewe tafuta nauli ya watatu." Halafu akanigeukia. "Na wewe, hizo kofia zako za wendawazimu, ipo inayonitosha?"

Haikuwepo. Nikampima kwa uzi palepale, amesimama wima kama mtu anayepimwa sare ya kwaya, nikaongeza vidole viwili, nikakata fulana ya kijivu ya Kalisti bila kumuuliza. Kalisti aliniona naikata. Alikuja akakaa karibu yangu, akanitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalikuwa yamejaa machozi na nilikuwa nadunga hewa.

Duru zilizobaki hazikuwa nyepesi. Kitanda cha Shija kilikuwa na mtoto mwingine, na sikuuliza. Mara moja homa ilimpanda Sesilia tukadhani ndiyo basi. Lakini Bibi Leokadia, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuvuka Tabora, aliitawala ile wodi kwa siku chache tu. Aliwapangia hata manesi cha kula. Alijua kuunga ukili wa mikeka tangu utotoni, na mshono wake ulikuwa imara kuliko wangu na wa Mama Shija pamoja. Akawa anashona kofia na kunisahihisha kwa sauti ya juu. Kila dripu nyekundu ilipotundikwa, alivua kitambaa chake cheusi, akavaa ile ya kijivu, akakaa upande wa kichwa cha Sesilia na kushika mkono usio na sindano. Walinyoa kila duru, wao wawili kwa nyembe mbili tofauti, na mtoto ndiye aliyekuwa anamkagua kama hajaumia.

Siku dripu ya mwisho ilipotolewa, Bibi hakuomba wembe tena.

Sasa tunarudi Mwanza kwa ajili ya kuangaliwa tu. Sitakudanganya kwamba hofu inaisha. Majibu mpaka leo ni mazuri. Nywele za Sesilia ziliota laini kwanza, kama za mtoto mchanga, kisha zikawa zake zilezile, nyingi na kaidi. Alianza darasa la kwanza hapa Shanwe, amechelewa mwaka mmoja, mrefu kuliko wenzake. Sikumgusa kichwa kwa wembe. Nilikuwa nazichana tu, kila asubuhi, polepole, na hakuna siku niliyofikiria kwamba zinaweza kuwa kosa.

Wiki ya tatu alirudishwa nyumbani saa mbili asubuhi. Nilimwona anakuja barabarani na begi mgongoni. Nikaacha chapati zikaungua. Nikamshika paji la uso, nikamshika tumbo kushoto.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Mwalimu amesema nywele ndefu. Amesema wote wenye nywele ndefu wakanyoe ndio warudi." Alikuwa amenuna. "Tulikuwa wengi."

Nilikaa chini kwenye kigoda cha kukaangia na kucheka, kisha nikalia, wateja wawili wakinitazama. Kisha nikazima jiko. Kinyozi wa pale kona alikuwa na foleni ya watoto wa shule, wote wamerudishwa, wanasukumana na kupigana makofi vichwani. Tukangoja zamu. Kilikuwa kijibenchi cha mbao, na sikukimbilia kukaa karibu na mtu anayeongea.

Ilipofika zamu yake alipanda kwenye kiti mwenyewe. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaniuliza mimi, "Huyu namnyoa namba ngapi, mama?"

Kinyozi akasubiri, mashine inanguruma hewani.

"Toa zote," Sesilia akamwambia. "Fanya haraka, wenzangu wanaenda mapumziko."